Joto la Breki: Somo Kutoka Barabara ya Kondoa

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa breki hufanya kazi gani, atajibu bila kusita kwamba breki husimamisha gari. Jibu hilo si baya, lakini kwa mwanafizikia halijakamilika. Tunafundisha kila mwaka kwamba nishati haipotei, ila hugeuka kutoka hali moja hadi nyingine. Gari lililokuwa likienda lilikuwa na nishati mwendo. Liliposimama, nishati hiyo haina budi kuwa imekwenda mahali. Imekwenda wapi? Katika makala hii tutalifuata swali hilo moja. Tutatumia barabara ambayo wasomaji wetu wengi wa mikoa ya kati wanaifahamu, yaani ile itokayo Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati, pamoja na tukio lililonipata mimi mwenyewe katika barabara hiyo, ambalo silisimulii kwa fahari.

Barabara na gari

Barabara hiyo ni kipande cha ile iliyoitwa zamani Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo watawala wa Kiingereza waliiota kuwa njia ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati, chenye urefu wa kilomita 251, kilikuwa cha udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi msafiri alikula vumbi jekundu. Wakati wa masika alisubiri kandokando ya makorongo mpaka maji yapungue. Lami ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2018, na tangu hapo mwendo wa kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa, ambao ni kama kilomita 160, umekuwa wa asubuhi moja tu. Kwa watu wengi lami hiyo ina maana ya mazao kufika sokoni na wagonjwa kufika hospitali. Kwangu mimi ilikuwa na maana nyingine ndogo zaidi, nayo ni kwamba gari langu la michezo la viti viwili, lililokwisha kutumika Japani na lenye tumbo la chini kama la kenge, lingeweza kwa mara ya kwanza kufika Kondoa bila kuacha bomba la moshi njiani.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba magari ya michezo yalikwisha kuwa mashuhuri katika Afrika Mashariki kabla ya lami hizi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope na mawe. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari hilo lilikuwa na breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mpangilio huo una sababu yake, nasi tutaufikia baada ya kupiga hesabu kidogo.

Hesabu ya joto

Tuchukue gari dogo ambalo pamoja na watu wawili na mizigo yao lina tungamo la kilo 1200. Likienda kwa mwendokasi wa kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Jibu ni kama kilojouli 116. Kwa kilomita 100 kwa saa nishati hiyo haiwi mara mbili bali mara nne, yaani kama kilojouli 463. Mwalimu awasisitizie wanafunzi wake jambo hili kwa sababu dereva aliye kwenye usukani halihisi. Mshale wa mwendo umesogea maradufu tu, lakini kazi iliyowekwa mbele ya breki imekuwa mara nne, na umbali wa kusimama, ukiacha ule unaopita wakati dereva anashtuka, nao ni mara nne.

Breki inapokandamizwa, pedi mbili hubana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu. Kani ya msuguano hupunguza mzunguko, na nishati mwendo hugeuka kuwa joto. Wanafunzi wasugue viganja vyao kwa nguvu kwa muda wa sekunde kumi, nao watakuwa wameliona jambo lenyewe. Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford, aliliona katika karakana ya mizinga mjini Munich, akalieleza mwaka 1798: chuma butu kilichokuwa kikitoboa mzinga kilitoa joto bila kikomo, madhali farasi waliokizungusha waliendelea kutembea.

Gari linapofunga breki, uzito huelemea mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi. Tuseme asilimia 70 ya zile kilojouli 463 huingia katika diski mbili za mbele zenye kilo 5 kila moja. Joto maalumu la chuma ni kama jouli 460 kwa kilo kwa nyuzi moja. Gawanya, utaona kwamba kusimama mara moja tu kutoka kilomita 100 kwa saa huongeza joto la diski kwa nyuzi 70 hivi za Sentigredi. Hii ndiyo sababu ya diski kuwekwa mbele. Diski iko wazi, upepo huipiga pande zote, na hupoa haraka. Ngoma imefunika viatu vyake kama sufuria iliyofunikwa kifuniko, na joto hukaa ndani. Jaguar zilizoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, mwaka uleule Safari ilipoanza, zilikuwa na breki za diski magurudumu yote, na tangu hapo watengenezaji wa magari ya mwendo kasi hawakurudi nyuma.

Sasa tutazame mteremko, maana huko mambo hubadilika. Gari likisimama mara moja katika tambarare, diski hupata nafasi ya kupoa. Katika mteremko mrefu nishati tuli, ile itokanayo na kimo, huendelea kumiminwa katika breki bila mapumziko. Gari letu la kilo 1200 likishuka kimo cha mita 300 bila kuongeza mwendo, nishati inayotafuta pa kwenda ni 1200 mara 9.8 mara 300, yaani megajouli 3.5. Hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita kumi za maji yaliyokuwa na nyuzi 20, ndoo nzima ndogo! Upepo na magurudumu vitachukua sehemu yake. Injini nayo itachukua sehemu kubwa sana, lakini tu ikiwa dereva ameiruhusu. Asipoiruhusu, sehemu hiyo nayo huenda kwenye breki.

Mguu mmoja dhidi ya tani nzima

Yabaki swali la jinsi mguu wa binadamu unavyoweza kubana chuma kwa nguvu kubwa namna hiyo. Jibu ni kanuni ya Pascal: kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Dereva akikanyaga kwa kani ya nyutoni 200, wenzo wa pedali huizidisha, tuseme mara nne, ikawa 800. Kani hiyo husukuma pistoni ya silinda kuu yenye eneo la sentimita za mraba 4. Mafuta ya breki huipeleka kanieneo kwenye pistoni ya gurudumuni yenye sentimita za mraba 20, na hapo kani huwa nyutoni 4000. Hayo ni kabla ya msaada wowote wa injini.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa bomba mbili za sindano, moja kubwa na moja ndogo, zilizounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Mwanafunzi mdogo akisukuma bomba ndogo atamshinda mwenzake mkubwa anayeizuia ile kubwa. Kisha mwalimu aache kiputo kimoja cha hewa kiingie katika mpira, jaribio lirudiwe. Bomba ndogo itazama, na kubwa haitasogea sawasawa. Maji hayafinyiki, hewa hufinyika. Naomba jaribio hili la pili lisirukwe, kwa kuwa ndilo lililonitokea barabarani.

Mteremko wa Bereko

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni. Nilikuwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, tukitoka Dodoma kwenda Babati kuwasalimu ndugu. Tulikunywa chai Kondoa, tukasimama Kolo kuitazama michoro ya miambani, ile ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Gari tuliliacha kijijini, kwani njia ya kupanda huko si ya gari la aina yake. Kutoka Kolo barabara hupanda milima ya Bereko, halafu huteremka kwa kona nyingi kuelekea Bonga na Babati. Hewa ilikuwa ya baridi, paa la gari limefunguliwa, na lami nzuri. Sitaficha kwamba nilifurahi. Gari la namna hii limeundwa kwa ajili ya kona: uzito wake uko chini, usukani wake mwepesi, na mtu aweza kulihisi tairi linavyoshika njia kana kwamba ameliweka mkononi. Nilikuwa nikiachia gari lishuke kwa gia ya nne, nikifunga breki sana kabla ya kila kona, kisha nikiachia tena.

Katikati ya mteremko tulisimama kama dakika kumi kuitazama nchi iliyotandazwa chini. Mpwa wangu akazunguka mbele ya gari, akasema, "Mjomba, mbona hapa panatoka harufu kama ya kitu kilichoungua?" Nikamjibu kwa sauti ya mhadhiri kwamba breki zilipata joto kidogo na zitapoa. Tukaondoka. Katika kona ya kwanza nilikanyaga breki, na pedali ikazama mpaka sakafuni bila upinzani wowote, kama mguu uliokosea ngazi gizani.

Nilifanya mambo matatu, na nayaeleza kwa ajili ya wale watakaoendesha siku moja. Kwanza nilipampu pedali harakaharaka, mara nne au tano, na kila mara ilipata uzito kidogo. Pili niliteremsha gia mpaka ya pili, injini ikalia kwa nguvu na gari likaanza kushikwa. Tatu nilivuta breki ya mkono polepole huku nimebonyeza kitufe chake, ili magurudumu ya nyuma yasifunge ghafla na gari likazunguka. Lori lililobeba magunia lilikuwa likipanda upande wa pili. Tulipita kando yake tukiwa bado tunashuka, na tukasimama kwenye bega la barabara mita chache mbele ya kalvati. Mpwa wangu hakusema neno, wala mimi.

Kwa nini breki zilishindwa baada ya kupumzika, badala ya wakati zilipokuwa zikifanya kazi? Gari likienda, upepo huipoza diski. Gari likisimama upepo hukoma, na joto lililomo katika diski husafiri kupitia pedi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki, ambayo mpaka wakati huo yalikuwa bado hayajafikia kiwango cha kuchemka. Dakika zile kumi ndizo zilizoyachemsha. Mvuke ukatokea, nao ni kile kiputo katika mpira wa bomba la sindano. Baada ya nusu saa nilijaribu pedali: ilikuwa ngumu na nzuri kama siku zote, kwa sababu mvuke ulikuwa umepoa na kurudi kuwa kimiminika. Hapo ndipo palipo na hatari ya kosa hili. Halibakizi alama. Mtu mwingine angesema shetani wa mlimani, akaendelea na safari.

Maji ndani ya mafuta

Fundi wa Babati alifungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, akachungulia, akanitazama. "Mwalimu," akasema, "hii ni chai ya rangi." Mafuta mapya huwa na rangi hafifu, karibu ya asali nyepesi. Akaniuliza yalibadilishwa lini. Sikuwa na jibu. Nina shahada ya uzamivu niliyoipatia Ujerumani, nimefundisha somo la joto kwa miaka mingi, na kwa muda wote tangu ninunue gari lile sikuwahi kuyabadilisha. Kule Ujerumani gari hukaguliwa kwa sheria kila baada ya miaka miwili, nami nilizoea kubadilisha mafuta wakati uleule wa ukaguzi. Niliporudi nyumbani niliacha mazoea hayo uwanja wa ndege.

Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta hasa. Ni kimiminika cha jamii ya glikoli, na tabia yake kuu ni kunyonya unyevu. Hunyonya kupitia mipira na kupitia kila mara kopo linapofunguliwa. Chupa za dukani huandikwa DOT 3 au DOT 4. Kwa viwango vinavyokubaliwa, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi, na DOT 4 chini ya 230. Lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango cha DOT 3 hushuka hadi 140 na cha DOT 4 hadi 155. Rudi sasa katika hesabu yetu. Tuseme breki zilipata nusu tu ya zile megajouli 3.5, na asilimia 70 ya hiyo ikaenda diski za mbele: ongezeko la joto, bila kuhesabu kupoa, ni zaidi ya nyuzi 260. Upepo hupunguza sana kiasi hicho, nao mafuta hayafikii joto la diski; hata hivyo kati ya 205 na 140 ndimo ilimokuwa nafasi yangu ya usalama, nami nilikuwa nimeiacha iliwe na unyevu mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana, maana unyevu hauhesabu kilomita. Yabadilishwe yote, si kuongezwa tu juu ya yale ya zamani, na upepo utolewe gurudumu moja baada ya jingine mpaka viputo vikome. DOT 3 na DOT 4 zaweza kuchanganyika. Ile iitwayo DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kabisa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa na kukaa rafuni miezi mingi haifai hata kama imejaa. Na yakimwagika juu ya rangi ya gari, yaoshwe kwa maji upesi kabla hayajaila.

Pedi nazo zitazamwe. Katika magari mengi zikibaki milimita 3 hubadilishwa, zote za ekseli moja kwa pamoja. Mchanga wa Kondoa ni mkali. Chembe ikiingia kati ya pedi na diski huchora mifereji, na dereva husikia mlio kabla hajaona kitu. Unene wa chini kabisa wa diski kwa kawaida hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, na fundi mwenye kipimo aweza kuuhakikisha kwa dakika moja. Sina budi kuongeza neno juu ya vumbi la breki. Laining za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asiyejua historia ya gari lake asidhani kwamba hazimo. Desturi ya vijana wa gereji ya kupuliza ngoma kwa mdomo au kwa kompresa ni ya kukomeshwa, kwani nyuzi za asbesto zikiingia mapafuni zaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vumbi hilo liloweshwe kwanza kwa maji, kisha lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Dereva ajifunze pia kusoma pedali kwa mguu. Pedali ikizama na kulegea, shaka iende kwenye mafuta: yamechemka, yana upepo, au yanavuja. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halishikwi, basi pedi zenyewe zimepata joto kupita kiasi na msuguano wake umepungua, au msaada wa injini umekatika. Hali hizo mbili hufanana kwa mtu aliyeogopa, lakini tiba zake ni tofauti.

Kuhusu injini, nilisema kwamba huchukua sehemu ya nishati ikiruhusiwa. Gia ya chini huilazimisha izunguke haraka, na kazi ya kuizungusha hutolewa na gari linaloshuka. Joto lake huondoka kwa rejeta na bomba la moshi, mbali na mafuta ya breki. Madereva wengine huweka gia huru mteremkoni wakidhani wanaokoa petroli. Katika magari ya leo yenye mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, petroli hukatwa kabisa. Likiwa huru, injini huhitaji petroli ili isizimike. Anayezima injini kabisa amefanya vibaya zaidi, kwani baada ya kukanyaga mara mbili au tatu msaada wa breki huisha.

Nimepita Bereko mara kadhaa tangu siku ile, paa likiwa wazi kama kawaida. Huingia mteremkoni kwa gia ya tatu, au ya pili kona zikisongamana. Hufunga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha huziachia zipoe, badala ya kuzigusagusa njia nzima. Nikitaka kutazama nchi, husimama juu kabla ya kushuka, au chini kabisa baada ya mwendo wa polepole wa kilomita chache. Furaha ya kona haijapungua hata kidogo.

Maswali kwa wanafunzi

Lori la tani 20 linashuka kimo kilekile cha mita 300. Tafuta nishati inayopaswa kuondolewa, na ueleze kwa nini dereva wake huingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka badala ya katikati ya mteremko. Pili, mwendesha baiskeli anayefunga breki za mpira kwenye ringi hana mafuta ya kuchemka. Ni kitu gani katika gurudumu lake chaweza kudhurika kwa joto katika mteremko mrefu? Tatu, mpwa wangu aliuliza kwa nini nilipopampu pedali ilipata uzito kidogo ingawa mvuke ulikuwa bado umo ndani. Jibu alilipata mwenyewe, kwa bomba mbili za sindano.